Uzi: Namna upasuaji wa matundu madogo unavyorekebisha ngiri ya kiwambo, na maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kukubali

Muuguzi_Wete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji kwa sehemu kubwa ya umri wangu, kwanza Pemba na baadaye Unguja, na swali ninaloulizwa siku hizi kuliko mengine yote linahusu ngiri ya juu, ile inayotokea pale umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, unapopenya kuingia tumboni. Wagonjwa wengi wa ngiri hii hufika kwetu wakiwa wameshatibiwa vidonda vya tumbo mara kadhaa, kwa sababu kwetu kila kinachochoma chini ya kifua huitwa vidonda mpaka kithibitike kuwa kitu chengine. Wakishaambiwa kwamba wana ngiri na kwamba inaweza kurekebishwa kwa matundu madogo, hurudi nyumbani na picha moja tu: kuna tundu, litazibwa, mambo yatakwisha. Kuziba tundu ni sehemu ya kazi tu, na asiyezielewa sehemu nyengine hatoweza kumuuliza daktari maswali yanayostahiki.

Kiwambo ni msuli mpana uliotandaa baina ya kifua na tumbo, na ndio unaofanya kazi kubwa ya kuvuta pumzi. Umio hupita katika tundu la kiwambo hicho ambalo kingo zake ni nguzo mbili za misuli, ya kulia na ya kushoto. Chini kidogo ya hapo umio huungana na mfuko wa tumbo, na sehemu yake ya mwisho yenye urefu wa sentimita 3 hadi 4 hubana muda wote isipokuwa tunapomeza au kubeua. Mtu akiwa mzima, mbano huo wa umio na nguzo za kiwambo hukaa mahali pamoja na kusaidiana. Ngiri inapoingia, mfuko wa tumbo hupanda kifuani, mbano wa umio ukaenda juu na nguzo zikabaki chini, kila kimoja kikifanya kazi peke yake. Hapo ndipo asidi inapopata njia. Sababu zake ni umri, unene wa tumbo, mimba nyingi, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni na kunyanyua mizigo mizito. Mara nyingi ni kadhaa kati ya hizo kwa pamoja.

Madaktari huhesabu aina nne, ingawa mgonjwa anahitaji kutofautisha makundi mawili tu. Takriban wagonjwa 95 kati ya 100 wana ngiri ya kuteleza, ambayo maungio ya umio na mfuko wa tumbo hupanda na kushuka, na shida yake kubwa ni kiungulia na vitu kurudi kooni. Waliobaki wana ngiri ya kando ya umio, ambayo sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo hupenya pembeni na kukaa kifuani, pengine ikifuatana na utumbo mpana au wengu. Hizi ni chache lakini ndizo za kuogopwa, kwa kuwa mfuko wa tumbo unaweza kujisokota huko juu na kukatikiwa damu. Mwenye ngiri kubwa akipatwa ghafla na maumivu makali ya chembe cha moyo, akajikakamua kutapika na kisitoke kitu, na hospitalini mpira wa puani ukashindwa kuteremka hadi tumboni, basi hiyo ni dharura. Dalili hizo tatu zilielezwa na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Moritz Borchardt, tangu mwaka 1904, na hadi leo zinafundishwa hivyo hivyo.

Sasa tuingie thieta. Mgonjwa hupewa nusukaputi, hulazwa chali, na kitanda huinuliwa upande wa kichwa ili utumbo ushuke wenyewe na kuacha nafasi juu. Mara nyingi miguu hupanuliwa ili mpasuaji asimame katikati yake na kuelekea moja kwa moja kwenye kiwambo. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo hutumiwa kwa sababu haishiki moto, na kinachobaki mwilini hunyonywa na damu upesi kikatoka kwa pumzi. Kwa kawaida hutobolewa matundu matano, yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Moja ni la kamera, mawili makuu ni ya mikono ya mpasuaji, moja la msaidizi, na moja la chuma kilichopindwa cha kuinulia bawa la kushoto la ini, ambalo hulala juu kabisa ya mahali penye kazi.

Kwenye skrini kinachoonekana kwanza ni mfuko wa tumbo ukipotelea ndani ya tundu. Msaidizi huuvuta chini taratibu, na ukiachwa huvutwa tena juu kila mashine inaposukuma pumzi. Hapo watu wasiojua hudhani kazi imeshakwisha: umeshuka, ufungiwe. Kumbe utando uliovutwa kifuani pamoja na ngiri bado uko juu, na ukiachwa huko utaurudisha mfuko wa tumbo pale pale. Kwa hiyo mpasuaji huutenganisha utando huo na kuta za kifua kidogo kidogo, kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachokata na kuzuia damu kwa pamoja. Ni kazi ya subira. Pafu liko kulia na kushoto, mshipa mkuu wa damu unapigapiga nyuma, moyo unaonekana ukidunda mbele, na juu ya umio wenyewe zimelala neva mbili za vegasi, moja mbele na moja nyuma, ambazo zikijeruhiwa mfuko wa tumbo huchelewa kujimwaga na mgonjwa hushiba bila kula.

Umio huachiliwa mpaka sentimita 2 hadi 3 za mwisho wake zikae chini ya kiwambo bila kuvutwa. Hilo la kutovutwa nalitilia mkazo, kwani umio uliolazimishwa kushuka hujivuta kurudi juu usiku na mchana, na hakuna mshono utakaoshindana nao. Kwa wachache ambao umio wao umefupika kwa miaka ya kuchomwa na asidi, mpasuaji hukata sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo na kuifanya bomba la kuurefusha. Kisha nguzo mbili za kiwambo hushonwa nyuma ya umio kwa nyuzi zisizoyeyuka, mishono michache, hadi tundu libakie na nafasi ya umio tu.

Mpaka hapo tundu limezibwa, lakini mbano wa umio bado ni dhaifu kama ulivyokuwa. Ndipo hufuata hatua ninayoiona mimi kuwa ndiyo kiini cha operesheni yote: sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, baada ya kukatwa mishipa midogo inayoifunga na wengu, hupitishwa nyuma ya umio na kuletwa mbele, kama mtandio unavyozungushwa shingoni ncha zake zikakutana, halafu hushonwa. Mfuko wa tumbo ukijaa, mzunguko huo nao hujaa na kuubana umio. Shinikizo lile lile lililokuwa likisukuma asidi juu sasa linaifungia mlango. Mzunguko kamili huitwa wa Nissen. Rudolf Nissen alikuwa daktari wa upasuaji aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akafundisha Istanbul. Huko katika miaka ya 1930 alimfungia mgonjwa umio kwa namna hiyo ili kulinda mshono wa operesheni nyengine, na baadaye ikabainika kwamba kiungulia cha mgonjwa kimekwisha. Aliichapisha njia yake mwaka 1956 akiwa Basel, Uswisi. Kuifanya kwa kamera kulikuja mwaka 1991, pale Bernard Dallemagne na wenzake wa Liège, Ubelgiji, walipoandika juu ya wagonjwa wao wa mwanzo.

Mzunguko huo ukikazwa mno mgonjwa hawezi kumeza, na ukilegezwa mno asidi inarudi. Kwa sababu hiyo wapasuaji wengi hupitisha mpira mnene kinywani hadi tumboni na kushona juu yake, ili nafasi isipungue, na mzunguko wenyewe hufanywa mfupi, wa kiasi cha sentimita 2. Wengine huzungusha kwa nyuzi 270 tu kwa upande wa nyuma, njia iliyotokana na ile aliyoieleza Mfaransa André Toupet mwaka 1963, na wengine hufunika upande wa mbele peke yake.

Jambo ninalotaka lishikwe ni hili: operesheni hii hairekebishi asidi. Mfuko wa tumbo utaendelea kutoa asidi ile ile siku ya pili yake. Kinachorekebishwa ni mpangilio wa viungo. Kwa hiyo mtu ambaye maumivu yake hayatokani na mpangilio huo, hata ashonwe na fundi wa namna gani, ataamka na maumivu yake. Vipimo vinavyotangulia ndivyo vinavyoamua zaidi kuliko kisu. Karibuni kwa maswali.

Bint_Kengeja

Waalaykum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa maelezo haya. Mama yangu amepindukia miaka sabini na yuko Kengeja. Alipigwa picha ya kifua kwa ajili ya kikohozi, na daktari akaona kivuli chenye hewa nyuma ya moyo, akasema ni mfuko wa tumbo umepanda. Mama mwenyewe halalamiki sana, ila hupenda kula kidogo kidogo na huchoka haraka akipanda ngazi. Kaka zangu wanataka apelekwe Dar es Salaam afanyiwe mara moja. Mimi nina wasiwasi na umri wake. Je, kusubiri ni hatari?

Muuguzi_Wete

Mwanangu, kivuli chenye hewa nyuma ya moyo ndivyo ngiri kubwa zinavyogunduliwa mara nyingi, kwa bahati tu. Zamani kila ngiri ya kando iliyoonekana ilipasuliwa, hata kwa mzee asiyelalamika. Rai hiyo imebadilika, kwa kuwa hesabu zilizofanywa zilionesha kwamba mwenye ngiri ya aina hiyo asiye na dalili nyingi ana uwezekano wa takriban asilimia 1 tu kwa mwaka wa kupatwa na dharura. Kwa mzee mwenye maradhi mengine, kusubiri huku akifuatiliwa ni uamuzi wa kiakili kabisa.

Lakini hilo la kuchoka kwenye ngazi nisingelipita hivi hivi. Mwambieni daktari ampime wingi wa damu. Pale kingo za kiwambo zinapougandamiza mfuko wa tumbo hutokea michubuko ya mstari ambayo huvuja damu kidogo kidogo, isiyoonekana chooni, na bibi hupewa vidonge vya kuongeza damu mwaka hadi mwaka bila ya yeyote kujiuliza inakwenda wapi. Pia mfuko mkubwa uliopanda huchukua nafasi ya pafu. Ikiwa damu yake ni pungufu, au pumzi humkata baada ya kula, basi mama hawezi kuhesabiwa kuwa hana dalili, na mazungumzo na mpasuaji yatakuwa mengine. Moyo wake nao upimwe kabla ya yote hayo, maana si kila uchovu wa ngazi unatoka tumboni.

Mpemba_wa_Darajani

Mimi nina ngiri ya kuteleza, ndogo, imeonekana kwa kipimo cha kamera inayopitishwa kinywani. Natumia omeprazoli, vidonge vya kupunguza asidi. Kiungulia chenyewe kimetulia kwa kiasi kikubwa, ila nikirukuu na kusujudu maji machungu hunijia mpaka kinywani, khasa katika Isha, nikiwa nimetoka kula. Mara nyengine inanibidi nitoke kwenye safu. Ramadhani ndiyo mtihani zaidi, kwa futari na tarawehe. Nimechoka na vidonge. Kwa nini nisifanyiwe operesheni nikaachana navyo?

Daktari_Kijana

Naomba nimjibu ndugu yetu kwa idhini ya mwenye uzi. Mimi ni daktari, si mpasuaji, lakini nimeshawapa rufaa wagonjwa kadhaa wa namna hii.

Kuna utafiti uitwao LOTUS, uliofanywa katika nchi 11 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2011, ambao uliwagawa wagonjwa 554 wa kupanda kwa asidi kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa vidonge vya esomeprazoli, jengine likafanyiwa upasuaji wa kamera. Baada ya miaka 5, ugonjwa ulikuwa umetulia kwa asilimia 92 ya wa vidonge na asilimia 85 ya waliopasuliwa. Kwa hiyo anayetulizwa vyema na dawa hana sababu kubwa ya kukimbilia kisu. Lakini ukitazama dalili moja moja unakuta jambo linalomhusu ndugu yetu: maji machungu kurudi juu yaliendelea kwa asilimia 13 ya wa vidonge, na kwa asilimia 2 tu ya waliopasuliwa. Kidonge hupunguza ukali wa asidi ila hakizuii kitu kupanda, na anayesujudu mara nyingi kwa siku hukiona hicho kuliko mtu mwengine yeyote. Bei ya nafuu hiyo ni kwamba shida ya kumeza ilikuwa asilimia 11 kwa waliopasuliwa dhidi ya 5, na tumbo kujaa gesi asilimia 40 dhidi ya 28.

Kabla ya hapo ningemtaka ndugu yetu amalize njia nyepesi: kidonge kimezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula na si baada yake, futari ianze kwa kidogo na chakula kizito kiahirishwe hadi baada ya tarawehe lakini si karibu na kulala, urojo wa ndimu na pilipili upumzishwe, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali chini ya miguu yake, kwani mito miwili hukunja tumbo na kuzidisha.

Na akifikia kupelekwa kwa mpasuaji, asikubali bila ya manometri, yaani kipimo cha msukumo wa umio kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani. Uko ugonjwa ambao umio umepoteza nguvu ya kusukuma na mlango wake wa chini hauachii, na mgonjwa hulalamika kwa maneno yale yale ya kiungulia na chakula kurudi. Umzungushie huyo mfuko wa tumbo kwa mzunguko kamili na utakuwa umemfungia chakula nje. Ikiwa kamera haikuonesha michubuko ya wazi kwenye umio, basi na kipimo cha asidi cha saa 24 kifanywe.

Muuguzi_Wete

Ahsante daktari. Ningeongeza kwamba nimewaona wagonjwa waliofika na bahasha ya kamera peke yake na kupangiwa tarehe, na nimewaona wapasuaji waangalifu waliowarudisha. Waliorudishwa walinuna. Kwa jicho langu, mpasuaji anayekurudisha kwa sababu ya kipimo ndiye wa kumshika.

Mchumi_wa_Karafuu

Mzee wangu huku Wete hukandwa tumbo na mkandaji mmoja hodari sana, na anasema baada ya kukandwa ngiri hushuka. Je, si bora kuliko kukatwa?

Muuguzi_Wete

Kaka, ngiri ya kuteleza hupanda na kushuka yenyewe kutwa nzima, kwa hiyo inaweza kweli kushuka baada ya kukandwa, kama ambavyo ingeshuka baada ya kusimama. Mkono wa juu ya tumbo haufiki kwenye kiwambo. Kama ngiri ya mzee ni ya kando, kukamuliwa tumbo kwa nguvu nakuomba mkuache, kwani shinikizo la tumbo ndilo linalozidi kuisukuma juu.

Baharia_wa_Mkoani

Mimi nimefanyiwa, na namshukuru Mungu. Nilikuwa siwezi kulala chali kwa miaka. Nitaeleza yale ambayo sikuyatarajia, ili wenzangu wasitaharuki.

La kwanza ni bega. Nilipozinduka tumbo liliniuma kwa kiasi, lakini bega la kulia lilinichoma kama niliyeanguka nalo, na nikadhani wamenilaza vibaya. La pili ni maji. Funda la mwanzo lilisita kifuani, likakaa, kisha likateremka lenyewe, na nikahisi kila funda likipita hivyo kwa wiki kadhaa. La tatu sikuambiwa na mtu: siwezi tena kubeua kama zamani. Soda nimeiacha, kwani gesi yake inakaa tumboni mpaka itafute njia ya chini, na hapo mtu hana budi kuwakimbia watu barazani. Pamoja na yote hayo, nikiulizwa kama ningerudia, ningerudia.

Muuguzi_Wete

Baharia, umesema kweli tupu, na hayo yote yana sababu zake.

Bega huuma kwa sababu kiwambo, ingawa kiko katikati ya mwili, neva yake inatoka shingoni, mahali pamoja na neva za bega. Gesi na mishono vinapokikera, ubongo husoma kuwa ni bega. Hupungua kwa siku chache, na kutembea mapema husaidia.

Kusita kwa chakula hutokana na uvimbe wa mshono, na kwa wengi huisha ndani ya wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana chakula hupangwa kwa ngazi. Mwanzo ni vya majimaji: uji mwepesi, supu iliyochujwa, juisi isiyo chachu. Kisha huja vilaini vya kupondwa, kama boga, ndizi mbivu zilizopikwa, samaki wa kuchemsha aliyevunjwavunjwa na kutolewa miba. Mkate wa mofa, chapati, nyama ya kuchoma na pweza husubiri hadi mwisho, na pweza awe wa mwisho kabisa, kwani kipande chake kisichotafunika hukwama pale pale kwenye mzunguko na kumrudisha mtu hospitali. Kula ni kidogo kidogo, mara nyingi, na kwa kutafuna. Mgonjwa aliyekuwa akizoea kumaliza sahani ya biriani kwa pumzi moja hupata shida zaidi kuliko mwenye donda kubwa.

Jambo linalotutia hofu sisi wauguzi usiku wa kwanza ni kutapika, kuliko maumivu. Kujikakamua kwa nguvu kabla nyuzi hazijashika kunaweza kuzichana nguzo za kiwambo na kuusukuma mzunguko wote kifuani. Kwa sababu hiyo dawa ya kichefuchefu hutolewa kabla mgonjwa hajazinduka, na anayehisi moyo unamchafuka asione haya kuita. Kikohozi na kufunga choo navyo hushughulikiwa kabla havijaanza. Mizigo huachwa kwa wiki 4 hadi 6: ndoo ya maji, gunia la karafuu, na kwa kina mama wa Paje na Jambiani, mwani mbichi. Homa, maumivu makali ya kifua, pumzi fupi au kushindwa kumeza hata mate ni sababu ya kurudi usiku huo huo, kwani tundu kwenye umio au mfuko wa tumbo hutokea kwa nadra lakini halisubiri asubuhi.

Bint_Kengeja

Nimesikia kuna wavu unaoshonwa ili ngiri isirudi. Je, tuutake kwa mama, ikifikia huko?

Daktari_Kijana

Dada, wavu unaeleweka vizuri kwa ngiri ya kinena, na watu hudhani huku juu mambo ni hayo hayo. Tofauti ni kwamba kinenani wavu unakaa juu ya msuli uliotulia, ilhali hapa unakaa kando ya umio unaotembea kila pumzi na kila tonge. Wavu wa plastiki umewahi kuumomonyoa umio na kuingia ndani yake, na kuutoa ni operesheni ngumu kuliko ile ya mwanzo. Ule wa kibiolojia, unaoyeyuka, ulijaribiwa Marekani kwa wagonjwa wa ngiri kubwa za kando. Matokeo ya miaka takriban 5, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionesha kwamba picha za eksrei zilizopigwa baada ya kunywa dawa ya bariamu zilikuta ngiri imerudi kwa asilimia 59 ya walioshonwa tu na asilimia 54 ya waliowekewa wavu, tofauti isiyo na uzito. Namba hizo zinatisha, ila wengi wa walioonekana imerudi hawakuwa wakihisi kitu, na ni wachache mno walioomba kupasuliwa tena. Swali lenyewe mwachieni mpasuaji, lakini mwombeni aeleze kwa nini anautaka au hautaki.

Mpemba_wa_Darajani

Nimeelewa, na nimeamua kuanza na kitanda na saa za dawa. Ila nikija kufanyiwa, je, sala na saumu vitakuwaje?

Muuguzi_Wete

Kwa upande wa mwili: wiki za mwanzo usiiname na kujikunja kwa nguvu, kwa hiyo wengi huswali juu ya kiti na kusujudu kwa ishara mpaka mpasuaji awaruhusu. Saumu haiendani na kipindi cha kula kidogo kidogo kutwa, na maji yakikosekana choo nacho hufunga. Ukiweza, panga operesheni miezi kadhaa kabla ya Ramadhani. Hukumu ya kulipa siku zilizokupita muulize shekhe wako.

Lililobaki ni la sisi wa Pemba, na sijaliona likiandikwa katika karatasi yoyote ya ruhusa. Mgonjwa huruhusiwa baada ya siku moja au mbili, akatembea vizuri, akaona aheri akauguzwe kwao, akapanda boti. Mkondo wa Nungwi wakati wa kusi humtapisha hata aliyezaliwa Mkoani, na huyu amebeba mshono ambao haujashika. Kwa hiyo kabla ya kuondoka wodini mwambie mpasuaji wazi kwamba utarudi kwa bahari, mkubaliane tarehe, na umwombe dawa ya kichefuchefu uimeze kabla boti haijang'oa nanga, si ikishaanza kuyumba. Mwenye jamaa Unguja akae kwao mpaka aonwe kliniki kwa mara ya kwanza. Mwenye uwezo apande ndege hadi Chake Chake, na mzigo wake ubebwe na mwengine.

Aliyevuka kwenda Dar es Salaam na arudi na karatasi inayotaja aina ya mzunguko aliofanyiwa, idadi ya mishono ya kiwambo, na kama amewekewa wavu au la, kwani akija kuugua Micheweni saa nane za usiku daktari wa zamu hatokuwa na njia nyengine ya kuyajua hayo. Na mwenye kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize mapema, kwa maandishi, ni vipimo vipi vinavyolipiwa. Bint Kengeja, ukishapata majibu ya damu ya mama yaandike hapa, daktari na mimi tutayatazama.